Fundi wa Kewanja asidanganywe na chuma kigumu

KATIKA vijiji vya Nyamongo, wilayani Tarime, mazungumzo ya uchumi huanzia kwenye mawe na huishia kwenye mawe. Chuma hakitajwi. Lakini kila gramu ya dhahabu ya mchimbaji mdogo hupita kwanza kwenye chuma: sululu na nyundo ndani ya duara, kisha karasha na magololi yake kwenye mwalo. Chuma hicho hulika kila siku, na kinacholika hakiendi mbali. Huingia kwenye unga wa mawe, hushuka nao kwenye mbao za kuoshea, na mwisho hukaa pamoja na dhahabu kwenye karai.

Hali ni hiyo hiyo kwenye mashine ya kusaga nafaka. Nyundo za mashine huchakaa, na kinachochakaa huingia kwenye unga wa mahindi, ulezi na mtama. Mkulima wa Tarime na mwenzake wa ng'ambo ya mto Mara, wilayani Serengeti, wote hula unga huo.

Dawa ya tatizo hili inajulikana duniani kwa karibu miaka 200, nayo ni sumaku. Na kwa kazi za mwalo, inayofaa zaidi ni sumaku-umeme, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha chuma na kuunganishwa na betri. Si mtambo wa ajabu. Fundi wa kuchomelea akishirikiana na fundi wa kusuka mota anaweza kuutengeneza kwa siku mbili. Kinachoharibu kazi mara nyingi si waya wala betri, bali ni kiini: kile kipande cha chuma kinachowekwa katikati.

Kosa linalorudiwa ni kudhani kwamba chuma bora ni chuma kigumu. Kwa shafti, springi ya gari au patasi, ni kweli. Kwa kiini cha sumaku-umeme ni kinyume kabisa.

Chuma laini na chuma kigumu

Umeme unapopita kwenye waya uliozungushwa, hutengeneza nguvu ya sumaku hata kama katikati hamna kitu. Nguvu hiyo ni ndogo. Kikiwekwa chuma, huongezeka mara mamia au maelfu, kwa sababu ndani ya chuma mna maeneo madogo sana ambayo kila moja ni sumaku tayari. Kabla ya umeme kuwashwa maeneo hayo yameelekea huku na huku, hivyo yanafutana. Umeme ukiwashwa yanageuka na kuelekea upande mmoja.

Katika chuma laini, chenye kaboni kidogo, maeneo hayo hugeuka kwa urahisi, na umeme ukizimwa hurudi karibu yote kwenye mchafuko wake. Katika chuma cha pua kilichokaushwa kwa moto na maji, kaboni na ugumu wenyewe huyazuia. Hugeuka kwa shida, na yakishageuka hayataki kurudi. Ndiyo maana bisibisi iliyoguswa na sumaku huendelea kuokota skrubu wiki nzima.

Kwa mwenye karasha, tofauti hii ina maana ya fedha. Sumaku-umeme inanunuliwa kwa ajili ya mambo mawili: ishike chuma ikiwashwa, na iachie ikizimwa. Yenye kiini cha chuma kigumu hushika kidogo kuliko inavyostahili, na ikizimwa haiachii. Kijana atakaa akikwangua unga wa chuma kwa kitambaa, na kila akikwangua kuna chembe ya dhahabu inayokwenda na kitambaa hicho.

Mwingereza William Sturgeon, aliyetengeneza sumaku-umeme ya kwanza mwaka 1824, alitumia chuma laini kilichokunjwa kama kiatu cha farasi. Kipande chake kilikuwa na uzito wa gramu 200 hivi, lakini kilinyanyua karibu kilo nne. Miaka saba baadaye Mmarekani Joseph Henry, aliyefunika waya wake kwa hariri ili mizunguko mingi ilaliane bila kugusana, alitengeneza sumaku iliyonyanyua zaidi ya kilo 900. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na madini adimu. Walikuwa na chuma laini, waya na betri.

Kwenye lundo la skrepa

Fundi wa Kewanja haendi dukani kununua chuma cha sumaku. Anakwenda kwenye lundo la vyuma chakavu. Ni vema basi lundo hilo lisomwe vizuri.

Nondo laini isiyo na mikunjo, misumari mikubwa, bolti za kawaida zisizo na namba kichwani, na vipande vya mabamba ya kuchomelea ni chuma laini cha kutosha. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo. Nondo yenye mikunjo ina nguvu zaidi kwenye zege, lakini kwa sumaku iko nyuma kidogo. Bolti zenye namba 8.8 au 10.9 kichwani zimekaushwa, ziachwe. Springi za magari, tupa, biti za kutobolea, golori za beringi na magololi ya karasha yenyewe ni chuma kigumu, na mtu akivitumia atajuta.

Chuma cha kumimina, kama bloku ya injini, hufanya kazi, lakini kwa udhaifu, maana kina kaboni nyingi. Shaba, aluminiamu na shaba ya njano havisaidii lolote. Kiini cha aluminiamu ni sawa na kiini cha hewa. Chuma kisichoshika kutu cha masufuria mengi nacho havutwi au huvutwa kwa shida.

Kuna kimoja kinachowadanganya hata mafundi wazoefu. Mataya ya mashine za kuvunjia mawe hutengenezwa kwa chuma chenye manganizi kiasi cha asilimia 12 hivi, kilichobuniwa na Mwingereza Robert Hadfield mwaka 1882. Ni kigumu ajabu na kizito, na katika eneo la migodi hakikosekani kwenye skrepa. Lakini sumaku haikivuti. Mwenye kukikata kwa siku nzima ili kupata kiini ataambulia patupu. Na kuna onyo la pili ndani yake: kipande cha taya kikivunjika na kuingia kwenye mawe, hakuna sumaku itakayokikamata. Hapo jicho la mwendesha mashine ndilo linalobaki.

Wapo pia wanaotoa vijiti vyeusi kwenye redio za zamani, wakisikia kwamba feraiti ni chuma cha kisasa. Feraiti ni nzuri kwa redio, ila hushiba mapema. Chuma laini hubeba sumaku hadi kiasi cha tesla mbili kabla ya kushiba. Feraiti huishia karibu tesla 0.4. Kwa kuwa nguvu ya kuvuta hupanda kwa mraba, kwenye sentimita moja ya mraba chuma kinaweza kuvuta kilo 16 hivi, na feraiti haifiki hata kilo moja.

Asiyeamini maneno anaweza kupima. Azungushe waya ule ule, mizunguko ile ile, kwenye msumari na kwenye kipande cha tupa cha unene huo huo. Aunganishe betri na kuhesabu pini zinazonaswa. Kisha akate umeme na kuhesabu pini zinazobaki zinaning'inia. Kiini kizuri hunasa nyingi na kuachia karibu zote. Jaribio hilo halihitaji maabara.

Na chuma laini kinaweza kulainishwa zaidi. Nondo iliyokunjwa, kugongwa na kukatwa hupata ugumu pale ilipoumizwa. Ikipelekwa kwa mhunzi, ikapashwa moto hadi iwe nyekundu ya kung'aa, kisha ikafukiwa kwenye majivu makavu ipoe polepole hadi asubuhi, ugumu huo huondoka. Kosa ni kuichovya kwenye maji.

Adui mkubwa ni hewa

Baada ya hayo yote, kuna ukweli ambao wauzaji wa vifaa vya bei mbaya hawapendi kuusema. Kwa sumaku-umeme rahisi, tofauti kati ya chuma laini cha kawaida na chuma maalumu cha maabara ni ndogo sana. Kinachokula nguvu ni hewa.

Hesabu yake si ngumu. Ili kupata tesla moja katika milimita moja ya hewa, zinahitajika ampea 800 zikizidishwa kwa mizunguko, yaani ampea moja kwa mizunguko 800, au ampea nne kwa mizunguko 200. Kwa chuma laini cha kawaida, kiasi hicho hicho cha umeme kinatosha kwa takriban mita nzima. Milimita moja ya hewa ni sawa na mita moja ya chuma. Kutu nene, rangi, au ncha mbili zisizokaa sawa, vyote ni hewa.

Kwa mantiki hiyo, fedha ya kununua chuma ghali ingefaa itumike kwenye umbo. Nondo iliyonyooka ina ncha mbili zilizo mbali, na sumaku yake hulazimika kusafiri hewani kutoka ncha moja hadi nyingine. Nondo hiyo hiyo ikikunjwa kama kiatu cha farasi, ncha zote mbili hukitazama kitu kinachovutwa, na safari ya hewani hufupishwa. Unene nao una maana: ukiongeza mara mbili eneo la ncha huku sumaku ikibaki na ukali ule ule, uzito unaonaswa nao huwa mara mbili.

Mfano unasaidia. Chuma laini chenye kipenyo cha sentimita tatu, kilichokunjwa, kikisukwa waya wa shaba wa milimita 0.8 kwa mizunguko 600, kitahitaji waya wa mita 78 hivi, ambao ni gramu 350 tu za shaba. Kwenye betri ya gari ya volti 12 kitavuta ampea nne na nusu, sawa na wati 54. Umeme huo unatosha kufikia tesla moja hata kukiwa na milimita moja ya hewa katika kila ncha, na kwa hesabu ya karatasi ncha zote mbili zitabeba kilo 50 na ushee. Kazini itapungua, maana sumaku nyingine huvuja pembeni. Lakini kwa kunasa misumari, vipande vya magololi na unga wa chuma ni nguvu ya kutosha na kubaki.

Wati 54 ni joto pia. Koili isiachwe imewashwa bila kazi. Iwashwe, inase, ipelekwe kando, izimwe. Kwenye ncha libandikwe bamba jembamba la shaba au plastiki ngumu, ili chuma kisigandamane na kiini baada ya umeme kukatwa. Na kwenye waya wa koili iwekwe dayodi, kwani koili ikikatwa ghafla hurudisha umeme mkali unaounguza swichi.

Umeme wa TANESCO ni habari nyingine

Betri na sola hutoa umeme unaokwenda upande mmoja, na kwa huo kipande kizima cha chuma kinafaa. Umeme wa TANESCO hugeuka mara 50 kwa sekunde. Ukiuelekeza kwenye koili yenye kiini kizima, chuma chenyewe hugeuka jiko: umeme huzunguka ndani yake bila kazi, hupasha moto, na hatimaye vanishi ya waya huungua. Ndiyo sababu transfoma na mota hujengwa kwa mabamba membamba, ya kiasi cha nusu milimita au pungufu, yaliyotiwa silikoni na kutenganishwa kwa vanishi.

Anayetaka kutumia umeme huo ana njia mbili. Ya kwanza ni kutumia mabamba ya transfoma ndogo au mota iliyokufa. Ya pili, iliyo salama zaidi, ni kushusha umeme kwa transfoma hadi volti 12 au 24, kuunyoosha kwa dayodi, na kubaki na kiini chake cha nondo. Volti 230 kwenye mwalo wenye maji na watu pekupeku ni hatari ambayo hakuna dhahabu inayoweza kuilipia.

Hapa pana maonyo mawili. Mota zikichomwa motoni ili kupata shaba, vanishi kati ya mabamba huungua pia, na mabamba hayo hayafai tena kwa umeme wa kugeuka. Aidha, transfoma za kwenye nguzo si skrepa. Wizi wa mafuta na nyaya zake huwaacha wanakijiji wengi gizani, na mafuta ya transfoma za zamani yanaweza kuwa na kemikali zenye sumu ya kudumu. Fundi anayenunua mabamba bila kuuliza yametoka wapi anajenga sumaku yake juu ya hasara ya jirani.

Dhahabu, zebaki na unga wa ugali

Dhahabu haivutwi na sumaku. Hilo ndilo linaloifanya sumaku iwe na faida kwenye mwalo: huondoa unga wa chuma na mchanga mweusi unaovutwa, na kuacha mzigo mdogo ulio safi zaidi. Mzigo ukiwa mdogo, zebaki inayohitajika hupungua. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza matumizi ya zebaki mwaka 2020, na kila njia inayopunguza mzigo wa mwisho inasaidia kuutekeleza bila kumfukuza mchimbaji kazini. Mzigo ukiwa safi sana, inawezekana hata kuyeyusha moja kwa moja kwa boraksi.

Isidhaniwe kwamba sumaku inamaliza kila kitu. Unga wa chuma hukumbatia chembe ndogo za dhahabu, kwa hiyo kinachonaswa kisitupwe mara moja. Kitenganishwe ndani ya maji, kinaswe na kuachiwa mara mbili au tatu, ndipo kiwekwe kando. Na kazi hiyo ya kunasa na kuachia mara kwa mara ndiyo inayodai kiini kinachosahau sumaku yake upesi.

Kwenye mashine ya nafaka hoja inageuka. Pale sumaku-umeme ni hatari, kwa kuwa umeme ukikatika ghafla, vyuma vyote vilivyonaswa vinadondoka ndani ya unga. Sumaku ya kudumu, hata ile ya spika ya zamani, ni bora, mradi ifungwe imara, ifunikwe, na isafishwe kila siku. Huko ndiko mahali pa chuma kisichosahau. Kwa ufupi, kila chuma kina kazi yake, na ujuzi ni kujua kipi kikae wapi.

Wapo watakaosema kwamba sumaku za kudumu zenye nguvu kubwa zinauzwa madukani, hivyo hakuna haja ya kujisumbua. Ni kweli zina nguvu. Lakini hazizimwi, kuzisafisha ni kazi, nyingi hupoteza nguvu zikizidi nyuzi joto 80, na zikivunjika hakuna fundi wa kijijini anayeweza kuzitengeneza. Koili ikiungua, inasukwa upya.

Kwa nini ni suala la Kewanja

Wapo pia watakaouliza kama kijiji chenye mgodi mkubwa mlangoni kinahitaji somo la msumari na betri. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na umepita mikononi mwa Placer Dome, Barrick, African Barrick Gold, Acacia, na tangu 2019 Barrick tena, safari hii Serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Katika miaka hiyo yote Nyamongo imejulikana nje zaidi kwa ugomvi kuliko kwa ufundi. Mei 2011 watu kadhaa waliuawa kwa risasi katika makabiliano mgodini. Vijana wanaoingia kuokota mawe hawafanyi hivyo kwa kuwa wanapenda hatari. Wanafanya hivyo kwa sababu jiwe ndilo kitu pekee wanachoamini kina thamani.

Ujuzi nao una thamani, na hauna uzio. Kijana anayeweza kuitazama skrepa na kusema hii nondo, hii springi, hii manganizi, tayari ana kazi ya mkono. Anaweza kutengeneza sumaku za mwalo, kusuka mota za pampu, kukarabati mashine za kusaga.

Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kukubaliana nao na halmashauri. Fedha hizo zimezoeleka kuonekana kama madarasa, zahanati na barabara, na hayo ni mema. Lakini karakana moja ndogo yenye tanuri la mhunzi, mashine ya kuchomelea, meza ya kusukia koili na mita ya umeme ingegharimu kidogo sana ikilinganishwa na jengo la ghorofa. SIDO na VETA wana walimu wa kazi hizo. Shule za sekondari za kata, zilizoongezeka kwa kasi chini ya mpango wa MMES ulioanza mwaka 2004, nazo zinaweza kuanza kesho kwa misumari, tupa, waya na betri. Mwanafunzi aliyehesabu pini kwa mikono yake hatasahau kwa nini chuma laini hushinda chuma kigumu.

Halmashauri ya Wilaya ya Tarime na viongozi wa vijiji wasisubiri mradi mkubwa. Waitishe mafundi waliopo, wapime viini vitano tofauti mbele ya wenye makarasha, na matokeo yabandikwe mahali pa wazi. Kazi ya asubuhi moja itaokoa dhahabu ya mwaka mzima inayokwanguliwa kwa vitambaa.

Wahenga walisema udongo upate uli maji. Chuma cha sumaku kipatwe kingali laini, na kijana wa Kewanja afundishwe kukitambua kabla lundo la skrepa halijauzwa lote kwa kilo.